Kishamba cha Malisho Kisichowavuta Kulungu: Kusoma Dalili na Kupata Chanzo

Katika majimbo ya Minnesota na Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, wawindaji wengi wenye ardhi yao hulima kishamba cha robo ekari hadi ekari moja pembezoni mwa msitu, wakakipanda klova (mmea mfupi wa jamii ya kunde), nafaka za rai na oti, au tanipu (mmea wa jamii ya kabichi), ili kulungu mkia-mweupe wazoee kufika hapo kabla ya msimu wa bunduki wa mwezi Novemba. Mwaka wa kwanza au wa pili, wengi wao huona matokeo mabaya: udongo mtupu, majani ya manjano, au malisho mazuri yasiyo na hata alama moja ya kwato. Lawama huangukia mbegu, na mwaka unaofuata hununuliwa mfuko mwingine wa bei kubwa zaidi. Mbegu si chanzo mara nyingi kama inavyodhaniwa. Chanzo hutafutwa kwa utaratibu, na utaratibu huo huanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo kwa macho hufanana sana, yaani mmea ulioshindwa na mmea ulioliwa.

Kizimba kabla ya dawa yoyote

Kifaa cha kutenganisha mambo hayo ni rahisi kuliko vyote utakavyonunua. Chukua waya wa matundu wenye kimo cha mita 1.2, uukunje kuwa duara lenye upana wa mita moja hivi, uusimamishe juu ya udongo siku ileile ya kupanda na kuufunga kwa vigingi viwili vya chuma ili kulungu asiuangushe. Kishamba cha nusu ekari kinatosheka na vizimba viwili, kimoja karibu na msitu na kingine katikati. Baada ya wiki tatu au nne, linganisha kilichomo ndani na kilichoko nje.

Ikiwa ndani na nje ni udongo mtupu, mbegu haikuota au ilikufa ikiwa changa. Ikiwa mimea ya pande zote mbili ni dhaifu na imebadilika rangi, tatizo liko kwenye udongo, mwanga au maji. Ikiwa ndani mmesitawi na nje pamenyolewa hadi chini, kishamba chako kimefanikiwa kupita uwezo wake. Na ikiwa pande zote mbili zimesitawi sawasawa, kulungu hawali, au hawaji. Bila kizimba, mwenye shamba aliyelishiwa kila kitu atamwaga mbolea mahali ambapo mbolea haikuwa na upungufu, na wapo wanaofanya hivyo mwaka baada ya mwaka.

Ndani na nje ni udongo mtupu

Kosa linalotokea zaidi ni kina. Mbegu ya klova nyeupe ni ndogo mno, na haipaswi kufunikwa kwa zaidi ya nusu sentimita ya udongo. Ikizikwa sentimita tatu kwa haro (chombo cha meno cha kuvunja na kusawazisha udongo), huota gizani na kufa kabla ya kufika juu. Tanipu na figili nazo hazitaki kina kikubwa, ilhali rai, oti na ngano hustahimili sentimita mbili hadi nne. Kwa hiyo mchanganyiko wa klova na rai hupandwa kwa awamu mbili: nafaka hutangulia na kufunikwa, udongo hukandamizwa, ndipo klova hurushwa juu na kukandamizwa tena. Udongo ulio tayari kupokea mbegu ndogo ni ule ambao kiatu chako hakizami zaidi ya sentimita moja hivi. Asiye na rola anaweza kupitisha magurudumu ya trekta ndogo juu ya kishamba chote, mstari kwa mstari.

Baada ya kina, chunguza kalenda na mvua. Kaskazini, ambako baridi ya kwanza ya kugandisha huweza kufika katikati ya Septemba, tanipu na jamaa zake hupandwa kati ya katikati ya Julai na mwanzo wa Agosti, kwa sababu zinahitaji siku 60 au zaidi za kukua. Nafaka hupandwa mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba. Klova inaweza kurushwa mwishoni mwa majira ya baridi, wakati ardhi inaganda usiku na kuyeyuka mchana, maana kupasuka na kufunga huko kwa udongo huivuta mbegu chini pasipo jembe. Mbegu iliyorushwa kabla ya mvua ya uhakika huota pamoja, na ile iliyopata manyunyu ya siku moja kisha wiki mbili za jua huchipua na kukauka.

Kama kina na wakati vilikuwa sawa, ijaribu mbegu yenyewe. Tandaza mbegu 100 juu ya karatasi ya jikoni yenye unyevu, uikunje, uiweke ndani ya mfuko wa plastiki mahali penye joto, na uhesabu zilizoota baada ya siku 7 hadi 10. Soma pia kibandiko cha mfuko, ambacho kwa sheria ya Marekani lazima kionyeshe asilimia ya uotaji na tarehe ya kupimwa. Mbegu nyingi za klova huuzwa zikiwa zimepakwa tabaka la nje linaloweza kuwa theluthi moja ya uzito wote, na kwa hiyo mfuko wa kilo 10 unaweza kuwa na kilo 6 na nusu tu za mbegu halisi. Kiwango cha kawaida cha klova nyeupe ikipandwa peke yake ni kilo 3 hivi kwa ekari, na cha rai ni kilo 45 hadi 50.

Lipo chanzo kimoja ambacho wengi hawakifikirii, nacho ni dawa ya magugu iliyobaki ardhini. Kishamba kilichokatwa kutoka kwenye shamba la zamani la mahindi kinaweza kuwa bado na atrazini. Miche huchomoza vizuri, kisha majani yake huanza kugeuka manjano na kukauka kutoka pembeni, na baada ya muda mfupi hakuna kitu. Muulize aliyelima hapo kabla yako alinyunyizia nini na lini. Kama hakuna wa kuuliza, jaza udongo huo katika makopo machache, ujaze udongo safi katika mengine, upande oti na klova katika yote, na ulinganishe baada ya wiki tatu. Jaribio hili halina gharama, na linaweza kukuokolea msimu mzima.

Mimea ipo, lakini ni dhaifu na imebadilika rangi

Hapa ndipo penye chanzo cha kweli cha vishamba vingi vya msituni vinavyoshindwa, na mtu asikimbilie kununua chochote kabla ya kupima udongo. Maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota hupokea sampuli kutoka kwa mwananchi yeyote, na huduma za ugani za vyuo vikuu vya majimbo mengine hutoa msaada kama huo kwa ada ndogo. Chota udongo wa kina cha sentimita 15 kutoka sehemu kumi au zaidi za kishamba, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki, na upeleke kiasi wanachotaka.

Jibu la kwanza la kusoma ni pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ambacho hushuka uchachu unapozidi. Malisho mengi hutaka pH kati ya 6 na 7, ilhali udongo wa kichanga uliokuwa chini ya misonobari mara nyingi hushuka chini ya 5.5. Katika uchachu huo fosforasi hufungwa isipatikane, aluminiamu huyeyuka na kuumiza ncha za mizizi, na bakteria wanaoishi kwenye mizizi ya klova hushindwa kufanya kazi. Ndiyo maana mbolea inayomwagwa juu ya udongo wenye uchachu mwingi hupotea kwa sehemu kubwa, na mwenye shamba huona kwamba amefanya kila kitu na mimea bado ni midogo.

Dawa ya uchachu ni chokaa ya kilimo, na hesabu yake ni vyema ijulikane mapema. Vipimo vya msituni mara nyingi hudai tani 1 hadi 3 kwa ekari. Tuseme jibu ni tani 2: kishamba cha robo ekari kitahitaji nusu tani, ambayo ni karibu mifuko 28 ya kilo 18, yote ikibebwa hadi mahali pasipo na barabara. Chokaa hufanya kazi polepole, kwa miezi sita au zaidi, na haraka zaidi ikichanganywa na udongo kuliko ikiachwa juu. Imwagwe msimu wa kupukutika majani kwa ajili ya mwaka unaofuata. Wakati huo wa kusubiri, panda rai na oti, ambazo hustahimili uchachu kuliko klova, na utakuwa na kitu kibichi cha kuwindia huku udongo ukirekebishika. Hakikisha muuzaji amekupa rai ya nafaka, siyo nyasi inayouzwa kwa jina linalokaribiana nalo, kwani nyasi hiyo ikishika mizizi huwa gugu gumu kuliondoa.

Ikiwa pH ni nzuri, rangi ya majani itasema mengine. Tanipu ambazo majani yake ya chini yamegeuka manjano zina njaa ya naitrojeni, na jamii yote ya kabichi huila kwa wingi, kama ajuavyo kila aliyewahi kulima sukumawiki. Rangi ya zambarau kwenye majani huashiria upungufu wa fosforasi, ingawa baridi kali huweza kuileta kwa muda. Madoa madogo meupe yaliyopangana kandokando ya jani la klova ni dalili ya upungufu wa potasiamu.

Klova yenye manjano kote ni jambo jingine, kwa sababu klova hujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria aina ya rizobia. Chimbua mmea mmoja wenye umri wa wiki sita au nane, uoshe mizizi taratibu, utafute vinundu vidogo, kisha upasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi na tatizo liko kwingine. Kikiwa cheupe au cha kijani, au kama hakuna vinundu kabisa, mbegu ilipandwa bila rizobia, au ilichanganywa na rizobia waliokwisha kufa kwa joto la stoo. Pakiti ya rizobia ina tarehe ya mwisho, hutunzwa mahali pa baridi, na lazima iwe ya klova, kwani ile ya soya haisaidii klova.

Mwanga husahaulika kwa kuwa mtu hutembelea kishamba saa sita mchana tu. Klova huvumilia saa nne hadi sita za jua kwa siku, lakini jamii ya kabichi huhitaji zaidi. Kama kivuli cha miti ya kusini kinafunika nusu ya kishamba, kata miti michache kabla ya kulaumu mbolea.

Ndani ya kizimba pamesitawi, nje hakuna kitu

Kwanza hakikisha ni nani aliyekula. Kulungu hana meno ya mbele kwenye taya la juu, kwa hiyo huvuta na kuchana, akiacha shina lenye ncha iliyochanika. Sungura hukata kwa mshazari safi kama wa kisu. Kama mimea ya ndani ya kizimba nayo imetoweka kwa siku chache, shuku viwavijeshi, ambao waya hauwazuii. Msomaji wa Afrika Mashariki anawafahamu, kwani viwavijeshi vamizi walioripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 asili yao ni bara hili la Amerika. Mwaka 2021 waliharibu malisho hata katika majimbo ya Ohio na Michigan, mbali na kusini kwenye joto wanakoishi wakati wa baridi.

Ikithibitika kuwa ni kulungu, tatizo ni hesabu. Kulungu mmoja mzima hula kilo 3 au zaidi za majani kwa siku, na kumi wakizoea robo ekari kuanzia mche unapotoa jani la pili, hakuna mbegu itakayowashinda. Soya ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu kulungu hula ncha ya mche mchanga na mche hautoi nyingine kwa urahisi. Kupanda soya kwenye kishamba kisichofika ekari moja, bila uzio, katika eneo lenye kulungu wengi, ni kupoteza mbegu; nalisema hili bila kusita. Klova nyeupe na rai huchipua tena baada ya kuliwa, na ndizo zinazofaa mahali padogo.

Anayetaka kulinda kishamba kwa wiki za mwanzo anaweza kuweka uzio wa umeme wa mistari miwili: mstari wa nje una waya mmoja kwenye kimo cha sentimita 45, na ule wa ndani, ulio umbali wa sentimita 90 hivi, una nyaya mbili kwenye kimo cha sentimita 25 na 60. Kulungu angeweza kuruka kila mstari peke yake bila shida, lakini hapimi vizuri umbali wa vitu vilivyo mbele yake, na nafasi ile kati ya mistari miwili humfanya asite. Uzio huondolewa wiki chache kabla ya msimu. Suluhisho la kudumu ni kupunguza majike kwa leseni ambazo idara ya maliasili ya jimbo huzitoa pale idadi inapozidi, na mwindaji anayesubiri dume lenye pembe kubwa pekee, huku akilalamika kuwa kishamba chake kimelishwa chote, anajizuilia mwenyewe dawa.

Malisho ni mazuri na hakuna anayeyagusa

Mwezi Septemba na Oktoba, kabla ya kufanya lolote, ingia msituni na utazame chini ya mialoni. Mwaloni mweupe hukomaza mbegu zake katika msimu mmoja na kuziangusha wakati huo, na mbegu hizo zina uchungu mdogo kuliko za mwaloni mwekundu. Mwaka mialoni inapozaa sana, kulungu huacha hata klova bora kwa wiki kadhaa. Kishamba hakina kosa. Hamishia dungu lako kwenye mialoni, na uwasubiri warudi kwenye malisho mbegu zitakapokwisha.

Mashamba makubwa ya jirani yana nguvu kama hiyo hadi yatakapovunwa. Tanipu na jamaa zake zina sababu zake zenyewe: mahali ambapo kulungu hawajawahi kuziona, huweza kuzipita msimu mzima wa kwanza, na hata wanaozijua huzipendelea zaidi baada ya baridi kugandisha majani. Klova iliyozeeka na kutoa maua mengi hupoteza ladha. Ifyeke ibaki na sentimita 15 hadi 20, ikiwa kuna unyevu ardhini, ili itoe majani mapya. Kama kishamba kimevamiwa na nyasi ngumu aina ya feskyu, ambayo kulungu huila kwa shida, iue kabisa kwa dawa ya magugu ya glaifoseti kabla ya kupanda upya, kwa kufuata maelekezo ya kibandiko.

Katika hatua hii hujitokeza kishawishi cha kumwaga magunia machache ya mahindi katikati ya kishamba. Sheria ya Minnesota inakataza kuwinda kulungu kwa chambo, lakini inaruhusu kuwinda juu ya malisho yaliyopandwa kwa ajili ya wanyamapori. Mazao yaliyovunwa kisha yakarudishwa na kurundikwa hapo huhesabiwa kuwa chambo, hata kama yametoka kwenye shamba lako mwenyewe, na eneo hubaki limezuiwa kwa siku 10 baada ya chambo chote kuondolewa. Wisconsin hutofautiana kaunti kwa kaunti, kwa hiyo kanuni za mwaka husika zisomwe kila mwaka. Msingi wa makatazo haya ni mzito: ugonjwa wa kudhoofika sugu wa kulungu, uliogunduliwa kwa kulungu wa porini wa Wisconsin mwaka 2002, huenezwa na prioni (protini zilizoharibika umbo) zilizo katika mate, mkojo na kinyesi, ambazo hudumu ardhini kwa miaka, na rundo la nafaka huwakutanisha midomo wanyama wengi mahali pamoja. Katika maeneo yenye ugonjwa huo, nyama ipimwe kabla ya kuliwa.

Kamera inawaonyesha, lakini usiku tu

Kulungu wanaofika saa nne usiku wanakipenda kishamba na wanamwogopa mwenye kishamba. Hesabu mara ulizokanyaga hapo katika mwezi uliopita, kwa kubadilisha kadi ya kamera inayojipiga picha yenyewe mnyama apitapo, kukagua vizimba au kukaa dunguni, na utakuwa karibu na jibu.

Tazama kwanza upepo. Dungu linaloipeleka harufu yako kwenye kichaka wanakolala huwaonya kabla hawajasimama. Jioni hewa hupoa na kuteremka kufuata mteremko, hata kama upepo wa jumla ni mwanana, kwa hiyo dungu lililo juu ya kishamba kwenye kilima huharibika saa ileile ambayo kulungu wanaanza kutoka. Uwe na madungu mawili kwa pepo mbili tofauti, na siku ambayo upepo haufai lolote kati yake, baki nyumbani.

Kisha tazama uwazi wa mahali penyewe. Kishamba cha mraba kilicho wazi pande zote huwafanya kulungu wasimame msituni hadi giza, ilhali kipande chembamba kilichojipinda, chenye kichaka karibu, huwapa ujasiri wa kutoka mapema, wakila kidogo hapo kabla ya kuendelea kwenye mashamba makubwa. Kama kishamba kinaonekana kutoka barabarani, au kama njia yako ya kuingia iko wazi, panda ukuta wa mtama mrefu mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, udongo ukishapata joto. Ifikapo msimu utakuwa umepita kimo cha mtu.

Linalobaki ni kutoka, na hapo ndipo vishamba vingi vizuri huharibiwa. Saa halali za kuwinda kulungu huko Minnesota huisha nusu saa baada ya jua kuzama, wakati ambao malisho yanaweza kuwa na majike matano na wana wao chini ya dungu lako. Ukishuka mbele yao, wamejifunza dungu liko wapi, na majike wazee hawasahau upesi. Toa risasi kwenye bunduki muda wa kisheria unapokwisha, ukae kimya, na umwombe mwenzako aje na trekta au gari hadi ukingoni mwa kishamba. Kulungu wa maeneo ya mashamba wamezoea magari. Wataondoka kwa sababu ya mlio wa injini, nawe utashuka baada ya kuwa wameingia msituni.